Utani wa Marehemu Mwishehe

Margareth alitandika mkeka barazani kwa mwenyekiti, akaweka juu yake redio ya kaseti, akaipuliza maikrofoni, kisha akaomba kuku wafukuzwe. Ofisi ya hifadhi ya mjini ilikuwa imemtuma kukusanya maisha ya watu wa kawaida, kwa sababu nchi, alieleza, si viongozi peke yao. Mwenyekiti Hemedi aliyapenda sana maneno hayo. Watu wa kawaida alikuwa ameshawachagua, na tangu asubuhi alikaa nao akiwakumbusha maisha yao.

Wote walisema lilelile: walihamia kijiji cha ujamaa kwa hiari yao, kwa ngoma na vigelegele.

Mwanajuma hakuchaguliwa. Alikaa nyuma, karibu na mtungi wa maji. Mwaka ule wa operesheni, mgambo walipokuwa wakiwatoa watu kwenye mashamba yao kule Kibuta, mumewe Mwishehe aliikumbatia nguzo ya mlango akasema hatoki. Mwanajuma alikuwa ameshapakiwa kwenye lori. Lori likaondoka, naye akaona moshi tu ukipanda upande wa nyumba yake. Kesho yake akaletewa maiti imeviringishwa kwenye jamvi, akaambiwa Mwishehe kaanguka mnazini. Shamba lile lilikuwa la mikorosho mitupu, mnazi hata wa dawa haukuwepo. Wakamzika chapuchapu, mgambo wamesimama na marungu yao, bila matanga, bila watani. Toka siku hiyo Mwanajuma alitaka kitu kimoja tu duniani: kifo cha mumewe kisemwe kama kilivyokuwa, mahali ambapo hakitafutika. Lakini shemeji yake aliyejaribu kukisema alilala mahabusu, akarudi hana meno ya mbele.

Ndipo, aliposikia habari za mashine, alipomfuata Twalibu. Huyu alikuwa Mnyamwezi. Babu yake alikuja pwani na mizigo kichwani, akanogewa na muhogo wa Kizaramo, akalowea. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani msibani ana kazi yake. Huvaa nguo ya marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, akamkashifu yeye na waliomzunguka, na hakuna wa kununa. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye makosa, hata polisi wanalijua hilo.

"Huyo mtumwa wangu mimi sijamzika," Twalibu alisema. "Nipe shati lake."

Basi akaja barazani ndani ya shati la Mwishehe, akapita mbele ya waliochaguliwa bila kuomba ruhusa ya mtu. Akaanza na mwendo wa marehemu, ule wa kuvuta kisigino. Akaonyesha alivyokuwa akipuliza chai hata ikiwa imepoa, na alivyokuwa akificha ugoro wageni wakija. Watu wakacheka. Hemedi naye akacheka. Mtani utamfanya nini? Kisha Twalibu akaikumbatia nguzo ya baraza.

Hapo mkono wa kulia wa Hemedi ukanyanyuka. Alikuwa ameketi kitini, dafu lake mkono wa kushoto. Mkono ukapanda mpaka juu ya kofia, ukashuka kwa nguvu, usiguse kitu. Upande wa pili wa baraza bega la Twalibu likalia kama ukuni mkavu. Ukapanda tena. Mdomo wa Twalibu ukapasuka, jino likaruka, likatua kando ya redio, na Margareth akalisogeza kwa kidole lisije likaingia kwenye mashine. Mama mmoja alilalamika kwamba mkeka unaharibika, ukaondolewa. Mkono uliendelea na kazi yake: mbavu, kiwiko, mbavu tena. Hemedi alikunywa dafu kwa uangalifu lisimmwagikie. Damu ikatambaa sakafuni, kuku wakarudi kuitazama. Margareth alimwomba Twalibu asogee karibu kidogo, kwa sababu mbavu hazikuwa zikisikika vizuri.

Sauti iliyotoka kwenye mdomo ule uliopasuka ilikuwa ya Mwishehe mwenyewe. Mwanajuma angeitambua hata ndani ya soko.

"Unanipiga, Hemedi, haya nipige. Lakini kuku wamo ndani. Wafungulie kwanza kuku."

Mkono ukashuka. Utosi wa Twalibu ukabonyea, na kaseti ikafika mwisho.

Maneno hayo Mwanajuma alikuwa hajawahi kuyasikia. Alijifunika kanga uso mzima, akalia, na ndani ya kilio kulikuwa na furaha, maana sasa mumewe alikuwa amesema, na neno lake limeingia kwenye mashine. Hemedi aliuliza kama wamemaliza. Alimshukuru mgeni, akaagiza aletewe soda. Twalibu alikojoa damu mpaka mavuno ya mpunga, akapona bega likiwa limeshuka upande.

Baadaye Mwanajuma alifunga safari mpaka mjini kuiona kaseti yake. Anselmi, mtunzaji, alimpokea kwa shikamoo na kumpeleka kwenye kabati. Kaseti ilikuwa juu ya bakuli, kwa sababu huvuja, na kila asubuhi Anselmi humwaga kilichomo. Juu ya kabati paliandikwa Vichekesho. Mwanajuma akamwomba aihamishie kwenye kabati la maisha ya watu.

"Haiwezekani, mama yangu. Aliyesema ni mtani. Neno la mtani halimshiki mtu."

"Na asiyekuwa mtani angesema, angebaki mzima?"

Anselmi alifikiri kwa haki, akakubali kwamba asingebaki. Akamtuliza kwamba kaseti hiyo inapendwa kuliko zote. Wanafunzi huja kuisikiliza, hutoka nyuso zimewavimba, na pale kwenye kuku hucheka mno.

Hemedi ni mwenyekiti mpaka leo. Kila mara kaseti ile inapochezwa mjini, mkono wake hupanda na kushuka, popote alipo, na walio karibu naye husogeza viti. Mkono ukipanda naye yuko mkutanoni, katibu huuhesabu kuwa ni kura ya ndiyo, na wengine, wakiuona uko juu, hunyanyua ya kwao. Ndivyo lilivyopita azimio la kumpa shemeji wa Hemedi ile mikorosho ya Mwishehe.

Siku hiyo Mwanajuma alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakuitazama mikono mingine. Aliutazama ule mmoja ukipiga hewa, mbavu, kiwiko, mbavu tena, midomo yake ikiufuatisha, mpaka ulipotulia kidogo kabla ya pigo la mwisho.

"Sasa anawataja kuku," alimwambia jirani yake, na mkono ukashuka.