Rekodi Juu ya Mabati

Thuo alizipanga rekodi juu ya mabati kama mtu anayeanika mboga, moja moja, akiacha nafasi katikati. Jua la mchana lilikuwa limeyachemsha mabati mpaka ikambidi akanyage juu ya gunia. Chini, mkewe Wahu alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, na kwa jinsi alivyoishika, ungedhani anataka kuiondoa.

"Baba Gichuru, shuka na hizo vitu. Huyo kijana akikuja utamwambia nini?"

"Nitamwambia nini? Si mimi ni mbuzi? Mbuzi huongea?"

Neno hilo la mbuzi lilisemwa asubuhi ile, mbele ya wageni. Watu wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekuja nyumbani kwake, mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, kupanga harusi ya Virginia, binti yao, na mmoja wao, kwa adabu tu, akauliza kama ni kweli mzee wa boma hupiga akodiani. Kabla Thuo hajafungua mdomo, kifungua mimba wake Gichuru alijibu kutoka mlangoni, amesimama na nywele zake kubwa kama kofia ya manyoya: "Anapiga. Inalia kama mbuzi amekanyagwa shingo." Wageni walicheka. Hilo Thuo angelimeza. Lakini Virginia naye alicheka, akiwa na birika mkononi, mpaka chai ikamwagika mezani.

Basi wageni walipoondoka, na Gichuru akaenda zake mjini kwenye duka la kutengeneza redio alikofanya kazi mchana, jioni akipiga gitaa na bendi yake, Thuo aliingia chumbani mwa kijana akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Zilikuwa rekodi za roki, za Wazungu wenye magitaa na nywele za mabegani. Gichuru alizikusanya tangu shule. Nyingine aliziagiza Nairobi, nyingine alizipata kwa Mzungu wa mashamba ya ngano aliyeuza kila kitu akarudi kwao. Kila Jumapili alizifuta kwa kitambaa cha pamba, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyeruhusiwa kuzigusa.

Jua lilipoanza kuinama zilikuwa zimejikunja kama chapati zilizosahauliwa jikoni.

Thuo hakuzificha. Alizirundika mezani, akaketi kando yake, akangoja. Gichuru alipoingia hakupiga kelele. Aliokota moja, akaiweka kwenye gramafoni, akateremsha sindano. Sindano ikapanda na kushuka kama gari kwenye barabara ya mashimo. Sauti ya mwimbaji ikazama, ikainuka, ikazama tena, kama mlevi anayejaribu kuomba msamaha. Gichuru aliisikiliza hadi mwisho, macho yake hayatoki kwa baba yake. Kisha akainua sindano.

"Sawa, Baba," akasema.

Akazirudisha zote sandukuni, zilivyojikunja, akalisukuma chini ya kitanda.

Ulikuwa mwaka wa unga wa manjano. Mvua ilikataa hata huku Uasin Gishu, watu wakala mahindi ya msaada, wakanung'unika ndani ya nyumba zao tu, kwa maana nje kulikuwa na masikio. Thuo alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao kilichokuwa karibu na reli. Miaka yote aliyokaa mbele ya msumeno mkubwa, akisukuma magogo na kupokea mbao, ilikuwa imemla sikio la kushoto kabisa. La kulia lilibaki likisikia kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Hata hivyo hakuwahi kuogopa uziwi. Akodiani yake hakuisikiliza kwa masikio; aliikumbatia, akaegemeza kidevu juu yake, sauti ikamwingia kifuani kupitia mifupa.

Aliijua tangu ujana wake kule Nyeri, alipofunzwa na askari aliyerudi kutoka vita vya Wazungu na akodiani mgongoni. Mwomboko, ngoma ya Wakikuyu ya akodiani na pete ya chuma ya kugongwa, ulikuwa muziki wa vijana siku zile. Mvulana na msichana walishikana, wakapiga hatua mbili, wakainama, wakazunguka. Baba yake Thuo aliuita makelele ya Wazungu na uchafu wa kushikana viuno, akamfukuza nyumbani. Thuo akaja Eldoret na blanketi moja na akodiani, na hakurudi hata kumzika.

Sasa alitaka kitu kimoja tu: kumpigia Virginia siku ya harusi. Kila mchana, wenzake walipokuwa wakila, yeye na Shitanda walikwenda nyuma ya kilima cha unga wa mbao kufanya mazoezi. Shitanda, mpakiaji aliyetoka upande wa Kakamega, hakujua neno hata moja la Kikuyu, lakini alikuwa amejikatia pete ya chuma kutoka kwenye msumeno uliochakaa, na aliigonga kwa msumari mkubwa bila kupotea hata mara moja.

"Mzee Thuo, hiyo siku tutawamaliza," alisema. "Hao matajiri ya Elgon View, watu ya bwana harusi, watavua viatu."

Virginia ndiye aliyekuja na habari mbaya. Alikuwa karani mjini, na tangu achumbiwe alikuwa ameanza kuongea na baba yake kama mteja.

"Baba, tumeketi tukaona afadhali uwache. Wale watu hawajui hiyo muziki. Bendi ya Gichuru ndiyo itapiga, program imejaa."

"Si uliniahidi nitakupigia harusini?"

"Niliahidi nikiwa mdogo."

Hapo ndipo Gichuru alipoinua kichwa kutoka kwenye sahani yake. "Mwache mzee apige," akasema. "Baada ya keki. Mimi mwenyewe nitamwekea maiki, bendi imfuate polepole. Itakuwa poa."

Virginia akatabasamu. "Kama ni wewe umesema, sawa."

Thuo alishindwa kumaliza ugali. Kesho yake alimwomba msimamizi wa kiwanda vipande vya mbao za podo, zile nyeupe zisizo na fundo, na kwa majuma kadhaa, kila jioni, alizipiga randa, akazikata, akaziunga kwa gundi, mpaka zikawa masanduku mawili ya spika, mapana kama makabati, yaliyofunga kabisa pembeni. Hakujua kuomba msamaha kwa mdomo. Hata baba yake hakuwa amemwonyesha jinsi inavyofanywa. Alipoyafikisha nyumbani kwa mkokoteni, Gichuru aliyazunguka, akayagonga kwa vidole, akasikiliza.

"Umetengeneza vizuri, Baba. Hizi zitapiga."

Wahu aliyaona hayo kutoka jikoni akajifuta macho kwa leso. Alidhani yamekwisha.

Harusi ilikuwa Desemba, katika ua wa Mzee Macharia, baba ya bwana harusi, huko Elgon View, ambako nyasi zilikuwa za kijani hata mwaka ule wa ukame. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuwepo, kwa hiyo hotuba zilikuwa ndefu. Keki ilipokatwa, mshereheshaji aliita, "Sasa baba ya bibi harusi ana zawadi!" na Thuo akapanda jukwaani na koti lake la kanisani, Shitanda nyuma yake na pete ya msumeno.

Alianza. Akodiani ilivuta pumzi, ikaimba, na katika safu za nyuma wanawake wazee waliotoka Nyeri kwa basi wakainuka mmoja mmoja, wakashikana, wakapiga hatua mbili, wakainama. Mmoja akapiga vigelegele. Kisha, kwa chini sana, upande wa sikio la kulia la Thuo, gitaa la Gichuru likaingia.

Nusura vidole vya Thuo vipotee kwenye vitufe. Kijana aliujua wimbo. Aliujua wote, kona zake zote, hata pale pa kusitasita katikati ambapo Shitanda alihitaji mwezi mzima kupashika. Alikuwa ameusikia maisha yake yote na kumbe hakuna kilichompita. Alimfuata baba yake noti kwa noti, kichwa ameinamisha, kwa upole wa mtu anayemvusha kipofu barabara. Thuo alifumba macho. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya ndoa yake.

Kisha Gichuru akageuza kitufe cha sauti kwenye gitaa.

Sauti ilitoka kwenye yale masanduku ya podo ikamgonga Thuo kifuani, pale pale alipozoea kuisikia akodiani, ikaitoa akodiani ikakaa yenyewe. Ngoma zikaongeza mwendo. Wanawake wazee walikanyagana, wakacheka kwa aibu, wakarudi kwenye viti, na vijana wakamiminika uwanjani. Thuo aliendelea kuvuta na kusukuma. Hakujua tena anachopiga. Alibonyeza vitufe vibaya kwa makusudi, kujaribu, na hakuna uso hata mmoja uliogeuka.

Halafu wimbo wake ukaanza kulegea. Gichuru alikuwa akizivuta nyuzi kwa vidole, na ule mwomboko ukazama, ukainuka, ukazama tena, kama mlevi. Watu walianza kucheka. Walidhani ni mchezo uliopangwa na baba na mwana, na ulikuwa unachekesha kweli: mzee na akodiani yake isiyosikika, mashavu yakitetemeka, na muziki unayumba juu yake. Mwenyekiti wa chama alicheka mpaka akavua miwani. Virginia alifunika mdomo kwa glavu nyeupe, kisha akaondoa mkono akapiga makofi.

Gichuru aliinama mpaka kwenye sikio la kulia, lile lililokuwa bado linasikia kidogo.

"Hiyo ni ya mabati, Baba," akamwambia.

Shitanda alikuwa ameacha kugonga zamani. Aliiweka pete mfukoni, akamshika rafiki yake mkono, akamteremsha ngazi huku watu wakishangilia.

Ingekwisha hapo, kama watu hawangependezwa. Lakini harusi ya Mzee Macharia ilizungumzwa Eldoret nzima, na kila aliyekuja kuikodi bendi alisema: mje na yule mzee wa kuchekesha. Gichuru alikataa wawili wa kwanza kimyakimya. Wa tatu alikuwa chifu wa Ziwa, kijiji cha soko huko mashambani, mwenye sherehe siku ya soko, na chifu hakuwa mtu wa kukataliwa.

Gichuru alisimama mlangoni. "Wanakuitisha, Baba. Ile ya harusi. Kama hutaki, nitasema uko mgonjwa."

"Sema ni mgonjwa!" Wahu akafoka. "Huna haya? Umemfanya baba yako nyani, na sasa unataka kumtembeza!"

Thuo alikuwa akiifuta akodiani kwa mafuta ya nazi. Hakuinua kichwa.

"Utaanza pale pale?" akauliza. "Chini, ukinifuata?"

"Ndiyo. Ni lazima ianze hivyo, ndiyo wacheke vizuri."

"Basi nitakuja."

Shitanda alikataa kwenda. Walikwenda bila pete, wakapiga, watu wakacheka. Wakaitwa tena mahali pengine, na pengine, na msimu wa kupanda ukafika wakiwa bado wanaitwa.

Waliporudi Ziwa, jukwaa lilikuwa trela ya ngano kando ya soko. Umati ulikuwa tayari umeanza kutabasamu. Thuo aliegemeza kidevu, akavuta. Siku hizi alikuwa akiuvuta mwanzo polepole kuliko inavyopasa, akiurudia, akizunguka kona ya kwanza bila kuifikia ya pili, na Gichuru, kichwa ameinamisha, alimfuata kila alikokwenda, kidole kidogo kikiwa juu ya kitufe cha sauti. Alikuwa akingoja. Hakuwahi kumharakisha.

Nyuma ya watu, mama mmoja aliyekuwa akipita na mkebe wa maziwa alisimama. Hakuwa ameambiwa kwamba ni mchezo. Aliutua mkebe kando ya barabara, akapangusa mikono kwenye rinda lake, akapiga hatua mbili, akainama.