Kigoda cha Bi Buku

Katika nchi ya Maghalani kila mmoja alijua mahali pake. Mfalme Paka Shume alijinyoosha kwenye zulia, Waziri Kunguru alisimama juu ya ngoma ya baraza, Mbwa walijilaza mlangoni, na mbuzi, kondoo na sungura walikaa chini wakipiga makofi walipoambiwa. Kando ya mlango palikuwa na kigoda kidogo. Hicho kilikuwa cha Bi Buku, panya mzee, na kazi yake serikalini ilikuwa moja tu: kulaumiwa.

Mahindi yakipungua, kala panya. Siri ya Mfalme ikivuja, barazani mna panya. Aliyekwepa ushuru mpakani kapita njia ya panya, vijana wanaokaba watu sokoni ni panya, na mjumbe aliyehama kambi ni panya mkubwa. Mwisho wa kila baraza Kunguru aliuliza, "Panya ni nani?" Bi Buku akasimama na kusema, "Ni mimi." Raia wakazomea hadi roho zikatulia, na Mbwa wakamkamata aliyesimama. Kwa desturi, aliyesimama baada ya swali ndiye panya, isipokuwa yule aliye juu ya ngoma. Mbwa hawakufundishwa zaidi ya hapo. Walimtoa nje, wakamwachia nyuma ya ghala, naye akaenda zake nyumbani.

Kwa utumishi huo alipewa shimo lisilovuja na dagaa kila Ijumaa. Mahindi yenyewe hakuwa na meno ya kuyatafuna.

Mwaka huo mbegu zote zilitoweka. Kila raia alijua kwamba Mfalme aliziuza nchi jirani kwa maziwa, lakini nani angethubutu kufungua mdomo? Asubuhi ya baraza Kunguru alitua mlangoni kwa Bi Buku.

"Shikamoo, Bibi. Leo tunakutegemea."

"Marahaba. Mbegu nazo nimekula mimi?"

"Nani mwingine? Ila safari hii kuna kijambo kidogo. Kisheria, mla mbegu anatoswa mtoni."

Dagaa ilimponyoka Bi Buku mkononi. "Kutoswa kweli, au kwa heshima tu?"

"Kweli, Bibi. Lakini tutakutungia wimbo mzuri sana."

Bi Buku aliogopa mpaka ndevu zikamcheza. Kisha akaufikiria huo wimbo, na hasira zikampanda. Miaka yote hiyo amewabebea uchafu wao, na malipo yake ni kibwagizo!

Barazani Mfalme alilia kwa ufasaha. "Raia wangu, njaa yenu ni njaa yangu," alisema, akijilamba maziwa kwenye masharubu. Makofi yakapigwa. Kunguru akakohoa kidogo, akauliza, "Panya ni nani?"

Bi Buku aliushika mkia wake, akaanza kuuchambua manyoya.

"Nasema, panya ni nani?"

Mbuzi mmoja akamnong'oneza, "Bibi, simama basi. Tuna njaa, tunataka kwenda nyumbani."

"Simama wewe, mwanangu."

Mbuzi akajikunyata. Sungura aliyeinuka kujikuna akajibwaga chini haraka. Ukumbini kila mmoja aliwachungulia wenzake, hakuna hata aliyethubutu kubadilisha mguu uliokufa ganzi. Makalio ya Bi Buku hayakubanduka.

"Upuuzi gani huu!" Mfalme akaruka, miguu yote minne juu ya zulia, mkia umesimama wima. "Nataka jibu sasa hivi! Panya ni nani?"

Mbwa wakatazama ukumbini. Aliyesimama alikuwa mmoja. Wakamkamata.

"Mwamshika nani, washenzi? Ni mimi! Ni mimi!"

Raia wakazomea kama walivyozoea. Wengine walikuwa wameshafika katikati ya kuzomea ndipo wakatambua wanamzomea nani, na hapo wakaongeza sauti. Bi Buku alimwonea Mfalme huruma kidogo. Kisha akakumbuka wimbo, huruma ikamtoka.

Mbwa waliporudi walikuwa wamelowa, wakajilaza mlangoni kujikausha. Kunguru hakupoteza wakati. Aliruka kutoka kwenye ngoma, akatua katikati ya zulia na kukunjua mabawa.

"Raia wapendwa! Jini limetolewa! Kuanzia leo haki itatawala, na maziwa yote yataletwa kwangu ili yahifadhiwe."

Mbuzi wakainua mikono kupiga makofi, kisha wakaishusha. Wakamtazama Bi Buku.

Naye hakuinuka. Alijiweka sawa juu ya kigoda chake, akamwangalia Waziri aliyesimama pale peke yake kwa vijiguu vyake viwili vyembamba, na kwa mara ya kwanza maishani akauliza yeye:

"Jamani, panya ni nani?"