Karatasi Iliyotaja Maiti

"Bima ya mgonjwa ilifutwa Jumanne iliyopita," dada wa mapokezi aliniambia, akanirudishia pasipoti ya mama.

"Ilifutwa na nani?"

"Na mwenyewe."

 Mimi Mongi ndiye niliyeinunua bima hiyo ya safari kule kwetu Sfax, kabla hatujapanda ndege kuja Istanbul kumwona mtoto mchanga wa dada yangu Olfa. Siku ya pili tu mama akateleza kwenye ngazi za kwa Olfa, nyonga ikavunjika. Sasa hospitali ilitaka bima au fedha taslimu ndipo impasue, na daktari alishatuonya tusivushe kesho.

Nikampigia Chedly, wakala wa bima, jirani yetu.

"Chedly, umenifanyia nini?"

"Mimi? Kamuulize mama yako! Kaja ofisini kashika ile karatasi kama kashika nyoka. Nilipokataa kuifuta akataka kuniapiza. Wewe ungebishana naye?"

Nisingebishana. Nilirudi wodini nikamkuta amelala chali, midomo imemkauka, ila ulimi mzima.

"Mama, umefuta bima?"

"Nimefuta. Ukurasa wa pili wameandika watarudisha maiti yangu nyumbani. Maiti, Mongi! Mimi naenda kumpakata mjukuu, wao washanichongea jeneza. Nani anatia uchuro kama huo mkobani?"

"Na pesa alizokurudishia Chedly?"

"Nimezitoa sadaka msikitini. Hiyo ndiyo kinga ya msafiri."

"Kinga gani, mama, na mguu ndio huo?"

"Ningevunjika shingo."

Olfa, mtoto begani, alianza kuvua bangili zake za harusi moja baada ya nyingine.  Sikuamini kwamba mwanamke aliyenilea, mwenye akili zake timamu, angeweza kufanya jambo kama hili halafu akapanda ndege ametulia.

Nikafungua simu niangalie bima yangu. Tulikatiwa siku moja, kwa wakala yuleyule, kwa hiyo nilijua nayo imekwenda na maji. Ilikuwa hai.

"Mbona yangu hukuigusa?" nikamuuliza. "Nayo imeandika maiti vilevile."

Mama aligeuza uso ukutani. 

"Yako niliiacha," alisema. "Wewe ningekubahatisha?"