Lipimwe Likiwa Baridi

Taa ya njano iliwaka tena kwenye dashibodi, na Bi Gia alijua mwanawe akiiona tu, gari limekwenda. Ndiyo ahadi ambayo kijana huyo alimbana nayo mbele ya dada zake: "Ikiwaka tena, mama, unaacha kuendesha. Gari limezeeka, na wewe, samahani, umri umekwenda."

Samahani gani hiyo! Mtu anakukata miguu, halafu anakuomba radhi. Bila gari lile nani angempeleka dada yake kliniki? Nani angempeleka yeye mwenyewe sokoni? Angekaa dirishani kungoja watoto wapate nafasi, na nafasi ya watoto wa siku hizi unaijua.

Basi hakuificha. Alimpigia mwanawe simu yeye mwenyewe.

"Imewaka. Kesho njoo na fundi wako, asubuhi, kabla sijaligusa."

"Mama, si tulikubaliana..."

"Tulikubaliana, lakini bado hamjanisikiliza. Mje!"

Fundi aliitwa Kimya, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila mara gari la Bi Gia lilipofika gerejini alichomeka kompyuta yake, akaifuta taa, akatoa hukumu ile ile: masega yamekufa. Masega ni lile kopo chini ya gari linalosafisha moshi. Siku chache zikapita, taa ikarudi.

"Na ule mlio?" Bi Gia alikuwa akiuliza. "Asubuhi linalia tiki-tiki-tiki."

"Mlio gani, mama? Mbona sisi hatuusikii?" Kimya alikuwa akijibu.

Mwanawe akaangalia pembeni, kama mtu anayemwonea mzazi wake haya. Kule kuangalia pembeni ndiko kulikomuuma Bi Gia kuliko taa yenyewe.

Asubuhi waliyokubaliana walimkuta amesimama mbele ya boneti, mtandio kaufunga kiunoni. Kimya akanyoosha mkono apewe ufunguo, alipeleke gerejini.

"Thubutu! Kila mara mnalikimbiza mpaka kwako, likifika limeshachemka, ndipo mnalipima. Leo lipimwe hapa hapa, likiwa baridi. Lala chini."

"Chini, mama? Suruali nimeifua jana."

"Itafuliwa tena. Lala!"

Kimya akalala. Bi Gia akaingia, akawasha.

Tiki-tiki-tiki-tiki.

Mwanawe, aliyekuwa akichezea simu, akainua kichwa. Kimya akapiga kelele kutoka chini: aletewe maji ya sabuni, na mtu azibe mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa. Mwanawe akachuchumaa kuziba. Maji yalipomwagiwa kwenye kiungo cha bomba, povu likafumka.

"Lo! Ufa huu hapa, jirani na sensa, kile kifaa kinachopima moshi," Kimya alisema. "Bomba likipata moto chuma kinatanuka, ufa unajibana, mlio unapotea. Lakini hewa bado inapenya kidogo, sensa inadanganyika, inayasingizia masega. Masega mazima kabisa haya!" Akatoka chini, mgongo wote vumbi. "Mama alikuwa anasikia."

"Nilikuwa nasikia. Nani aliwaambia nimeacha?"

Ufa ukachomelewa siku hiyo hiyo. Bi Gia akampeleka dada yake kliniki, akaenda sokoni, akaenda hata mahali ambapo hakuwa na shida napo, mradi tu apite mbele ya nyumba ya mwanawe akipiga honi. Taa ikanyamaza kuliko Kimya mwenyewe.

Ulipoandama mwezi mwingine, mwanawe akaja kumsalimia. Kabla hajaketi, Bi Gia alimfungulia kiganja mbele ya uso.

"Ufunguo wa akiba. Ule uliouchukua drooni mwangu hata kabla taa haijawaka."

Mwanawe akababaika. Hakujua kwamba mama anajua. Alisema ni kwa usalama tu, akasema hata dada zake walikubali. Kiganja hakikushuka. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni, akauweka ufunguo pale, macho chini.

"Samahani, mama."

"Haya. Hiyo ndiyo samahani," Bi Gia alisema, akikifumba kiganja. "Ile ya kwanza rudi nayo kwako."