Aliyetaka Nyumba Ivunjwe

Habari kwamba nyumba yake inavunjwa Bodil alizipata dukani, mbele ya kabati la jibini, kutoka kwa Ketty, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukaa na neno mdomoni likapoa.

"Pole sana, Bodil," alisema Ketty huku akikata jibini. "Sasa mtahamia wapi? Zile fleti za karibu na stesheni si mbaya. Zina lifti."

"Tuhamie fleti kwa nini?"

"Si nyumba yenu inavunjwa?"

"Inayochukuliwa ni bustani," alisema Bodil. "Bustani na miti ya tufaha. Nyumba inabaki, na tunajengewa ukuta wa kuzuia kelele. Nani kakwambia inavunjwa?"

Ketty akalitazama jibini. "Aa. Basi nimesikia vibaya."

Akalifunga haraka haraka, akalisukuma juu ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu duka la ushirika la kijiji cha Nørre Hvilbjerg lifunguliwe akakosa la kusema. Hapo ndipo roho ya Bodil ilipoingia kutu. Ketty akisema, unapuuza. Ketty akinyamaza, kuna jambo.

Barabara kuu ilikuwa inaongezwa njia moja kila upande, na mwaka mzima kijiji hakikuwa na mazungumzo mengine. Fulani anapoteza shamba la viazi, fulani anapoteza zizi, fulani hapotezi kitu na bado analalamika kuliko wote. Bodil yeye hakuwa amelalamika sana. Bustani ilimuuma, lakini nyumba ndiyo iliyokuwa roho yake. Alizaliwa katika chumba cha mashariki, na baba yake, barabara ilipopita mara ya kwanza, aliwabishia wahandisi mpaka wakaipinda kidogo ili nyumba ipone. Mpaka leo dereva makini anaweza kuihisi kona hiyo mikononi. Bodil alijivunia kona ile kama watu wengine wanavyojivunia nishani.

Aliporudi nyumbani alizunguka nyuma ya nyumba, akakikuta. Kigingi kipya cha mbao, kichwa kimepakwa rangi nyekundu, kimepigwa pembeni kabisa mwa dirisha la chumba cha kulala. Si bustanini. Ukutani.

"Tage!" aliita. "Njoo uone!"

Mumewe alitoka na soksi, akakiangalia kigingi, akajikuna kidevu.

"Hicho ni kigingi," alisema.

"Najua ni kigingi! Kinafanya nini chini ya dirisha letu?"

"Tume ya kutwaa ardhi ya barabara inakuja Jumanne, mama. Hilo litazungumzwa Jumanne."

Tage alikuwa mwenyekiti wa ukumbi wa kijiji kwa miaka mingi, na kazi ile ilikuwa imemharibu. Kwake yeye hakukuwa na jambo duniani lisilo na ajenda na kipengele chake, na kulitaja kabla ya zamu yake ilikuwa utovu wa adabu. Binti yao alipotangaza uchumba wakati wa supu, Tage alimwomba asubiri mpaka kahawa. Kwa hiyo Bodil hakushangaa. Alichukia tu, kama kawaida, kisha akaanza kufikiri ni nani hasa anayefaidika nyumba yake ikianguka.

Hakuhitaji kufikiri sana. Nyuma ya shamba lake kulikuwa na shamba la Verner. Nyumba ikivunjwa, ardhi inayobaki hugawiwa upya, na majirani ndio hupewa kwanza. Verner angepata uwanda mmoja mnono, ulionyooka, wa kupitisha trekta bila kugeuza geuza. Na sasa, alipoanza kukumbuka, mambo yalijipanga yenyewe. Gari jeupe la wapima ardhi limeegeshwa kwa Verner, si mara moja. Verner amesimama kwenye mpaka, analiangalia paa la nyumba ya Bodil, na Bodil alipompungia mkono akajifanya anakagua mbigili. Verner kanisani, akiacha kuzungumza na mchungaji pale yeye alipokaribia. Na mchungaji naye akaanza kusifia hali ya hewa, ilhali mvua ilikuwa inanyesha.

Kesho yake alimfuata Verner. Alimkuta uani, kainama juu ya mashine ya kupandia, mikono imejaa grisi hadi viwikoni.

"Jirani," alisema Bodil, "wapima ardhi wanafuata nini kwako?"

"Kahawa."

"Kwangu hakuna kahawa?"

"Yako kali, Bodil. Vijana wa siku hizi hawaiwezi." Alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri.

"Usinizungushe. Wanapima dirisha langu la kulala, halafu wanakuja kunywa kahawa kwako. Unaitaka ardhi yangu?"

Verner alinyooka polepole, mkono kiunoni. Alikuwa na uso wa mtu mwema, na siku hiyo hilo nalo Bodil alilihesabu kuwa kosa.

"Sijawahi kutaka hata jani lako," alisema.

"Basi niambie kuna nini."

"Hayo si yangu kuyasema."

"Ni ya nani?"

Verner akainama tena kwenye mashine yake. Bodil alisubiri kidogo, akaona masikio yake yamekuwa mekundu, akaondoka. Kwake hilo lilitosha.

Jioni alimwaga yote mbele ya Tage, pamoja na viazi na nyama ya kusaga. Verner ni mnafiki. Verner anawapaka mafuta wapima ardhi kwa mgongo wa chupa. Verner ana lake jambo.

"Verner ni mtu mwema," alisema Tage, macho kwenye sahani.

"Mtu mwema hakai na maofisa mlango umefungwa! Wewe humjui. Mnavua samaki pamoja, basi unadhani unamjua."

Tage alifungua mdomo. Bodil aliuona ukifunguka, akangoja. Kisha Tage akaufunga, akajisogezea chombo cha mchuzi.

"Jumanne," alisema.

Jumanne tume ikaja na basi lake. Bodil alikuwa ametaka bendera ipandishwe nusu mlingoti, lakini Tage alikataa akisema hakuna aliyekufa. Basi liliegeshwa uani, na watu wakashuka mmoja mmoja wakiwa wamevaa mabuti ya mpira na fulana za manjano: wahandisi, wapima ardhi, wajumbe wawili ambao wenyewe walikuwa wakulima, na mwenyekiti wa tume, mwanamke mfupi mwenye nywele za kijivu aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Vibeke. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja nyuma ya basi, maana tume husikiliza kila mtu palepale kwenye ardhi yake, mbele ya wote, na huamua kabla basi halijaondoka kwenda shamba linalofuata. Hakuna tamthilia iliyowahi kujaza watu hivyo pale ukumbini.

Vibeke alisoma kipengele cha kwanza, bustani. Cha pili, miti ya tufaha. Cha tatu, ukuta wa kelele. Mara kwa mara, lori lilipopita barabarani, aliweka kiganja nyuma ya sikio na kusema, "Samahani, rudia." Watu wa hapa wote huzungumza kwa sauti kubwa na hawajijui.

"Kipengele cha nne," alisema, "ni ombi kwamba serikali ichukue nyumba yote pamoja na..."

"Hapo hapo!" Bodil alikuwa ameshatoka mbele. "Kabla hujaendelea, na iandikwe. Ombi hilo ni la ujanja. Yupo mtu hapa anayeimezea mate ardhi yangu. Amekaa na wapima ardhi wenu jikoni kwake, kawanywesha kahawa, na Mungu anajua na nini kingine, mpaka kigingi kimetoka bustanini kikaja dirishani kwangu. Mtu huyo ni Verner, na amesimama pale!"

Alinyoosha kidole. Alitegemea minong'ono. Alitegemea angalau Ketty ashtuke. Badala yake watu wote waliinamisha macho, kila mmoja akayatazama mabuti yake. Verner hakujitetea. Alimwangalia Tage.

"Bodil," alisema Vibeke, kwa upole ambao Bodil hakuupenda hata kidogo, "ombi halikutoka kwa Verner. Limetoka kwenye nyumba hii. Tage alitupigia simu mwezi wa tatu. Aliomba wapima ardhi wakutane naye kwa jirani, nasi tulidhani ni kwa sababu nyumbani kuna ukarabati."

Tage alikuwa ameivua kofia. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Kwa kuwa nyumba ni yenu wawili," aliendelea Vibeke, "hatuwezi kuichukua bila wewe kukubali. Kwa hiyo nakuuliza. Unakubali?"

"Hapana," alisema Bodil. "Hapana, na hapana tena!"

"Imeandikwa. Tunaingia ndani ya basi kushauriana. Mkiwa na la kuongeza, mna muda mpaka tutoke."

Mlango wa basi ukajifunga. Majirani nao wakapata ghafla hamu ya kukagua zizi. Bodil akamshika mumewe mkono wa koti, akamburuta mpaka kwenye miti ya tufaha, karibu na uzio ambao nyuma yake magari yalikuwa yakipita.

"Wote walijua," alisema. "Verner, Ketty, mchungaji. Wote! Mimi tu ndiye mjinga wa kijiji. Kwa nini?"

Tage alisema kitu. Midomo yake ilicheza, na Bodil hakupata hata neno.

"Sema kwa sauti!"

Akasema tena, kwa sauti ileile ya chini. Lori likapita, kisha jingine.

"Tage, sikusikii!"

"Ndiyo hiyo," alisema Tage, sasa akipaza sauti. "Ndiyo hiyo ninayosema. Hunisikii. Tangu waifungue barabara hii silali, mama. Wewe umeizoea, hata huisikii tena. Mimi nasikia kila tairi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Baba yako alikuwa hai, na hiyo kona yake. Halafu akafa, na kona ikawa kama kaburi lake. Hapakuwa na mahali pa kulisema. Nilifikiri kwenye tume litakuwa na kipengele chake."

Bodil alitaka kucheka na kumpiga kofi kwa wakati mmoja. Ni mwanamume gani anayengoja serikali impangie zamu ya kuzungumza na mkewe? Wa kwake, basi. Huyu hapa, na kofia yake mkononi.

"Na Verner?" aliuliza.

"Verner ana ile nyumba yake ya magurudumu kule kando ya ghuba. Jumamosi ananipa ufunguo."

"Mnakwenda kuvua."

"Yeye anavua. Mimi nalala."

Bodil akakumbuka Jumamosi zote zile ambazo hakuja hata samaki mmoja nyumbani. Kuna mwaka aliamini kabisa kuwa kuna mwanamke. Alimnusa mashati. Alimpigia simu mke wa Verner kwa visingizio, wakati huo mke wa Verner angali hai, na sasa alitambua kuwa marehemu yule naye alijua. Ingekuwa ni mwanamke, Bodil angejua la kufanya. Lakini kitanda? Utamfukuzaje mtu kwa sababu ya kitanda chembamba ndani ya nyumba ya magurudumu?

"Huko unalala vizuri?" aliuliza.

"Kama mtoto," alisema Tage, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Bodil hakuwahi kuiona mezani kwake, wala kitandani kwake. Wivu ulimkata. Aliuonea wivu usingizi, jambo la aibu kwa mtu wa umri wake, na chini ya wivu huo kulikuwa na huzuni. Nyumba aliyoipigania mbele ya watu, mume wake hakuwahi kupumzika ndani yake.

Aliigeukia nyumba. Paa, dirisha la mashariki, mlango ambao baba yake aliupaka rangi ya kijani kila majira ya kuchipua. Aliipenda. Hakuipenda pungufu hata kidogo kuliko asubuhi, na hilo ndilo lililomkera.

Mlango wa basi ukafunguka. Vibeke akashuka, akaweka miwani machoni, na watu wakarudi kutoka zizini wakijifanya wamependezwa sana na ng'ombe.

"Tume imeamua," alianza Vibeke. "Katika kipengele cha nne, kwa kuwa mmoja wa wamiliki..."

"Ngoja," alisema Bodil. "Futa ile hapana yangu. Andika kwamba ombi ni la wote wawili."

Verner alipenga kamasi kwa kitambaa kikubwa. Vibeke akamtazama Bodil juu ya miwani, akaandika.

Tage alikuwa amemkaribia. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa alizungumza bila kungoja zamu.

"Una hakika, mama?"

"Usiniulize hapa mbele za watu," alisema Bodil. "Niulize jikoni, maadamu bado tunalo."