Ghorofa ya Sita

Mto ulipofurika mtaani Kangemi na kubeba nyumba zao za mabati, Peres na majirani zake walikimbilia jengo la ghorofa nane lililokwama kujengwa karibu na mtaa wa Mountain View. Halikuwa na madirisha wala milango, na mwenyewe hakuwa ameonekana kwa miaka mingi. Wenye watoto walichukua ghorofa za chini. Peres na mumewe, Dalmas, walipata nafasi kwenye ghorofa ya sita. Wanaume wanne walimpandisha Dalmas akiwa amelazwa juu ya mlango uliookolewa majini, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemuua upande wa kulia na kumwachia neno moja tu mdomoni: "Pere."

Kila asubuhi Peres alipanda zile ngazi zisizo na reli, mtungi wa maji kichwani. Mchana alienda kufulia watu nguo. Alijaribu kuziba upande wa upepo kwa magunia, lakini mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, magunia hayakufua dafu. Dalmas akaanza kukohoa.

Jumamosi moja Lenox, mdogo wake Dalmas, alifika akihema. Alikuwa mtunza bustani Loresho, na alilala kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya tajiri wake.

"Shemeji, nimeongea na mama mwenye nyumba. Amekubali nikae na bro mpaka apate nafuu."

"Na mimi?"

Lenox aliangalia sakafu. "Amesema mtu mmoja. Nimembembeleza, shemeji, Mungu ananiona."

Dalmas alikuwa ameelewa. Mkono wake mzima ulikamata leso ya mkewe. Peres alipiga magoti, akavifungua vile vidole kimoja kimoja.

"Nenda upate joto, baba. Jumapili ijayo nitakuja."

"Pere!" alisema Dalmas, safari hii kwa hasira.

Peres hakumtazama usoni. Angemtazama, asingemwachilia.

Wiki ile alilala usingizi mzito, kwa mara ya kwanza tangu mumewe augue, na kila alipoamka alijionea aibu.

Ilipofika Jumapili aliyoahidi, alivaa gauni la kanisani, akanunua ndizi mbivu, akatembea mpaka Loresho. Mlinzi wa geti alipekua kitabu cha wageni.

"Jina lako haliko, mama. Ngoja hapo nje nimwite."

Lenox alitoka polepole, vifungo vya shati vimepishana.

"Tumekutafuta tangu Ijumaa, shemeji. Simu yako haikuwa inapatikana, na mama mwenye nyumba hakunipa ruhusa nije."

Ilikuwa kweli. Jengoni hakukuwa na stima, na simu alikuwa ameiacha kwa kibanda cha kuchaji, ambacho kilikuwa kimefungwa siku tatu. Peres alishika chuma cha geti.

"Ametutoka lini?"

"Ijumaa, kukipambazuka."

"Aliniita?"

Lenox angeweza kumdanganya. Badala yake alisema, "Sana. Kila akiita nilimwambia uko njiani. Mwishowe akaacha kuniamini, akageukia ukuta."

Peres aliketi kwenye nyasi, ndizi zikiwa bado mapajani. Hakupiga mayowe. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Ni mimi nilimfungua vidole," akarudia, akarudia tena. Mlinzi alitoka na kiti chake, akakiweka kando yake, lakini Peres hakukiona.