Walioacha Sukari kwa Niaba Yangu

Mume wangu ana kaka yake mkubwa ambaye sote tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hawezi kukaa na watu wawili bila kufungua kikao. Ukimkuta amesimama na mtu mlangoni, ujue ajenda ipo. Mimi sikuwa na neno naye mpaka siku alipouweka mwili wangu mezani.

Mwili wenyewe ulikuwa umeshanishinda. Mimi ni msusi. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya kichwa cha mtu na kuchezesha vidole kutwa nzima, na kwa muda mrefu vidole hivyo vilikuwa vikiamka vimekakamaa, mabega yanawaka, kiuno kinauma, na juu ya yote kuna uchovu ambao hauishi kwa kulala. Unalala nao, unaamka nao, na ukifika bafuni umeshakutangulia. Nilipimwa mpaka nikazoeana na sindano. Daktari alisema maumivu ni ya kweli, ni ya kudumu, na dawa za kuyapunguza zipo. Nyumbani walisikia "ya kudumu". "Ya kweli" iliwapita.

"Mbona unang'aa?" mama mkwe aliniuliza siku niliyorudi hospitali. "Mgonjwa gani anang'aa hivi?"

Nilikuwa nimejipaka mafuta.

Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja tu: kusuka kichwa kizima, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kumwomba mwenzangu wa kiti cha pili animalizie. Wateja walikuwa wameanza kuchoka kutoka saluni upande mmoja kazi yangu, upande mwingine kazi yake.

Basi nikaenda kwa mtaalamu wa lishe, mwanamke mpole anayeongea kama anabembeleza mtoto. Akaniambia nipunguze sukari, mkate mweupe, vya kukaanga na soda, nizidishe mboga, maharage, samaki na matunda, na dawa zangu nisiziache. "Sikuahidi kupona," alisema. "Ila wapo wanaopata nafuu. Sasa, peke yako utashindwa. Familia ikusaidie."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniponza. Niliibeba mpaka nyumbani nikaisema kama ilivyo.

Kesho yake jioni sebule ilijaa. Mwenyekiti kwenye kiti kikubwa, mume wangu, ambaye ni fundi wa friji, kwenye kochi, na pembeni yake wifi yangu, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye kazi yake katika vikao ni kuunga mkono. Mama mkwe alikaa karibu na jikoni, asipitwe na kitu.

"Ndugu zangu, tuna mgonjwa," alianza Mwenyekiti. "Ameambiwa aache vitu vinne. Nauliza, mtu anaumwa mwili mzima, tumbebeshe vitu vinne peke yake? Sisi tuko wapi?"

"Tuchangie," alisema mume wangu.

"Naunga mkono," alisema wifi.

Wakagawana. Mume wangu akachukua kuacha sukari. Wifi akachukua vya kukaanga. Mama mkwe akachukua mkate, na sauti yake ilitetemeka, maana anaupenda mkate kuliko baadhi ya wanawe. Mwenyekiti mwenyewe akajitolea kuacha soda, kinywaji ambacho kinamjaza gesi na hajakigusa tangu ujana wake.

"Na mimi niache nini?" nikauliza.

"Wewe pumzika, shemeji. Vyote vinne vimeshapata watu."

Nilijaribu kueleza kwamba chakula kinapita kwenye koo la kila mtu kivyake. Mume wangu akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. "Usijitese, mke wangu. Tuache tukusaidie." Nilikuwa na hasira ya kupasua kitu, na papo hapo nikaona aibu kuwa nayo, maana wapo watu wanaumwa na hawana hata mmoja wa kuwaachia mkate.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Walichokiacha kilihitaji pa kwenda, na mama mkwe hatupi chakula. Vipande vyake vya mkate vikahamia kwenye sahani yangu. Sukari ya mume wangu ikaingia kwenye kikombe changu, isipotee. Wifi alipita kila jioni na viazi vya kukaanga ambavyo yeye havili tena. Mwenyekiti ndiye aliyenimaliza. Kwa kuwa hakuwa na soda ya kuacha, alianza kununua ili apate ya kuacha, na aliiacha kwangu.

"Mama, siwezi kula hivi," nilimwambia mama mkwe. "Ndivyo vinavyoniumiza."

"Vitakuumizaje na sisi tumeshaviacha?"

Nikila, mwili unalalamika. Nikikataa, wanasema nadharau jasho la watu. Nilikula shingo upande.

Wao wakachanua. Mume wangu alianza kupandisha friji ngazini huku anapiga mluzi. Wifi aliruka kamba na wanafunzi wake mpaka wanafunzi wakaomba mapumziko. Mama mkwe, ambaye goti lake lilikuwa likisimuliwa katika kila msiba, sasa alikwenda sokoni na kurudi kabla mimi sijapata ndala ya pili. Na mimi? Siku moja saluni vidole vyangu vilikwama ndani ya nywele za mteja. Vilikataa kufunguka. Mwenzangu wa kiti cha pili ilibidi avifumue kimoja kimoja, kama anafumua rasta, na mteja huko chini akauliza kama huo ndio mtindo mpya. Nililia mbele yake.

Kikao cha tathmini kikaitishwa.

"Kwa upande wangu," alisema Mwenyekiti, "soda nimeiacha kikamilifu. Mama goti limepona. Ndugu yangu anabeba friji. Tatizo, na nasema kwa upendo, ni mgonjwa. Anatuangusha."

Mama mkwe aliniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko tusi. "Labda hujaamua kupona, mwanangu."

Hapo nikasimama. Kusimama kwenyewe kulichukua muda, na wote walingoja.

"Mwenyekiti, nina hoja. Mlo tumegawana, nashukuru. Maumivu je? Mbona hayo nimeachiwa peke yangu?"

Kwa sheria zake mwenyewe, Mwenyekiti hakuwa na pa kutokea.

"Naunga mkono," alisema wifi kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo.

Nikagawa. Jumamosi, tangu asubuhi mpaka jua lizame, kila mtu na fungu lake. Mama mkwe abebe mabega: asinyanyue mikono kupita kifua. Wifi abebe vidole: asivikunje kushika kitu chochote. Mwenyekiti abebe kiuno: asiiname wala asikae. Mume wangu nilimpa uchovu, kwa sababu ndiye ninayempenda zaidi. Kila baada ya hatua chache akae chini, na anayempita amuulize mbona anaonekana mzima.

Jumamosi ile, kabla jua halijapanda sana, nyumba ilikuwa inaguna. Mwenyekiti alisimama katikati ya sebule kama kabati, macho kwenye kiti chake. Wifi alikunywa chai kwa kubana kikombe kati ya viwiko, na chai nyingi zaidi ilinywewa na gauni. Mume wangu aliondoka kwenda uani kutengeneza friji, akakaa njiani, akakaa tena, na alipoifikia aliikumbatia akasinzia. Nikapita hapo.

"Mbona unaonekana mzima?"

Alinitazama kwa chuki ya kweli kabisa. Moyo wangu ulifurahi, nisiseme uongo.

Msidhani maumivu yangu yalipungua kwa kuyagawa. Yalikuwepo yote. Ila siku hiyo hakukuwa na mwingine anayeweza kushika mwiko, kwa hiyo jiko lilikuwa langu. Nilikaa kwenye kigoda, nikapika samaki, maharage na mboga za majani, nikipumzika kila nilipotaka. Mkate haukukatwa na bakuli la sukari halikufunguliwa. Wifi nilimlisha kwa kijiko. Mwenyekiti alikula wima. Ndicho chakula cha kwanza nilichokula katika nyumba ile kama nilivyoagizwa.

Kisha mama mkwe akaniita chumbani kwake. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kilemba kimemwangukia mapajani, nywele zake nyeupe ziko wazi. Alikuwa amekikodolea macho kwa muda.

"Nifungie," alisema, bila kunitazama.

Nikasimama nyuma yake kama ninavyosimama kazini. Nikanyanyua mikono, ikakwama, nikaishusha, nikangoja, nikanyanyua tena. Mbele yetu kulikuwa na kioo cha kabati na aliona kila kitu. Fundo la kwanza likafunguka. La pili nalo likafunguka. Mikono yake ilikuwa mizima. Angeweza kuinyanyua na kumaliza kazi mara moja, na chumbani tulikuwa wawili tu. Hakuinyanyua.

"Kila siku iko hivi?" akauliza.

"Kila siku, mama."

"Hata ile niliyokuambia unang'aa?"

"Hata ile. Nilikuwa nimejipaka mafuta."

Aliinamisha kichwa nikifikie, mpaka fundo likashika.

Jua lilipozama Mwenyekiti alijibwaga kitini na kuomba kufungua kikao cha kufunga zoezi. Mama mkwe alimwambia anyamaze. Mimi sikuwahi kumwona Mwenyekiti akinyamazishwa, na nadhani hata yeye hakuwahi, maana alibaki mdomo wazi.

Asubuhi yake tulikaa mezani. Kwenye sahani yangu kulikuwa na mkate, kama kawaida. Mama mkwe akaunyoosha mkono wake mzima, akauchukua mkate na kuuma.

"Huu ni wangu," alisema akitafuna. "Na wewe uache wako."

Mume wangu akavuta bakuli la sukari upande wake, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Sijapona. Kuna asubuhi ambazo mwili unanyanyuka na mimi, na nyingine ambazo unakataa hata nile mboga za nchi nzima. Ila wiki iliyopita nilisuka kichwa kizima. Kilikuwa cha mama mkwe. Alikuja saluni na mto wa kukalia, akasema ana siku nzima. Nilipumzika mara nyingi sana, na hakuna hata mara moja aliyoniuliza kwa nini.